Milada Horáková: Barua Iliyochelewa Miaka 40

Juma hili tunamsoma mama mmoja wa Ulaya aliyekataa kunyamaza.

Milada Horáková alizaliwa mwaka 1901 mjini Prague, uliokuja kuwa mji mkuu wa Chekoslovakia. Alisomea sheria, akafanya kazi ya ustawi wa jamii na kupigania haki za wanawake. Aliolewa na Bohuslav Horák, wakajaliwa binti, Jana.

Majeshi ya Hitler yalipoitwaa nchi yao, Milada alijiunga na waliopinga kwa siri. Mwaka 1940 alikamatwa, akakaa kifungoni mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mbunge.

Lakini Marekani na Umoja wa Kisovieti, zilizopigana vita upande mmoja, sasa zilikuwa mahasimu. Kila moja ilivuta nchi za Ulaya upande wake. Februari 1948, chama cha kikomunisti kilichoungwa mkono na Moscow kilishika serikali yote ya Chekoslovakia. Milada alijiuzulu ubunge. Marafiki walimsihi akimbie, lakini alibaki.

Septemba 1949 alikamatwa tena, safari hii na serikali ya nchi yake mwenyewe. Mumewe aliponyoka, akavuka mpaka. Kesi ya Milada na wenzake 12 ilianza tarehe 31 Mei 1950, na ilisikika redioni. Washtakiwa walikaririshwa majibu ya kutoa. Milada aliyaacha, akatetea msimamo wake mbele ya mahakama. Alihukumiwa kifo. Albert Einstein, Winston Churchill na Eleanor Roosevelt walimwombea msamaha, lakini tarehe 27 Juni 1950 alinyongwa.

Kabla ya kufa alimwandikia Jana, aliyekuwa na miaka 16, akimwusia kuwa maisha ni magumu ila asikubali yamshinde. Wakuu waliizuia barua hiyo. Jana aliipata mwaka 1990, baada ya utawala ule kuanguka. Wakati huo alikuwa akiishi Marekani, alikomfuata baba yake mwaka 1968.

Leo, katika Jamhuri ya Cheki, 27 Juni ni siku ya kuwakumbuka waliodhulumiwa na utawala huo.

Kazi ya nyumbani: mwandikie bibi au babu barua fupi kwa Kiswahili. Wazazi, tafadhali itumeni juma hili hili, isikae kabatini.