Abebe Bikila: Bingwa wa marathoni aliyeanza upya kwenye kiti cha magurudumu

MTU anapopoteza mguu au kupooza kwa sababu ya ajali, jamaa na majirani humiminika hospitalini kumpa pole. Baadaye hurejea makwao, naye hubaki na kazi iliyo ngumu kuliko maumivu yenyewe, yaani kujifunza upya kuketi, kuvaa, kuoga na kutoka nje ya nyumba bila kubebwa. Kazi hiyo ni ile ile kwa mkazi wa mtaa wa Amalemba mjini Kakamega na kwa tajiri wa London. Aliionja pia mtu ambaye miguu yake ilisifika kuliko yote barani Afrika, marehemu Abebe Bikila wa Ethiopia.

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, karibu na mji wa Debre Berhan. Siku hiyo hiyo wanariadha wa dunia walikuwa wakishindana katika marathoni ya Olimpiki mjini Los Angeles, Marekani. Alikua akichunga mifugo, na alipofikia utu uzima akajiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko mkufunzi Onni Niskanen kutoka Sweden alikotambua kipaji chake na kuanza kumnoa.

Septemba 10, 1960, ulimwengu ulipigwa na butwaa mjini Roma. Mwanajeshi huyo, ambaye wengi hawakuwa wamemsikia, alikimbia kilomita 42 bila viatu. Njia ya mbio hizo ilipita karibu na mnara wa kale wa Aksum, ambao majeshi ya Italia yaliutwaa Ethiopia katika miaka ya 1930 na ambao haukurudishwa hadi mwaka 2005. Abebe alimwacha nyuma Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, akamaliza kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, kasi ambayo haikuwa imewahi kuonekana. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Siku nane baada ya ushindi huo, michezo mingine ilifunguliwa katika jiji hilo hilo, ingawa si wengi walioitilia maanani. Walemavu wapatao 400 kutoka nchi 23 walishindana wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mwanzilishi wa michezo hiyo alikuwa Dkt Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na kupata hifadhi Uingereza. Baadaye michezo hiyo ya Roma ilihesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Hakuna aliyeweza kubashiri kwamba shujaa wa mbio za miguu angekuja kuhitaji elimu ya daktari huyo.

Mjini Tokyo, Oktoba 21, 1964, Abebe alishinda tena, safari hii akiwa na viatu, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akaivunja rekodi ya dunia na kuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alipokata utepe hakuanguka chini kwa uchovu, bali alianza kunyoosha viungo uwanjani huku watazamaji wakimshangilia. Mjini Mexico, mwaka 1968, jeraha la mguu lilimlazimu kujiondoa baada ya kilomita zipatazo 17, na Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, akaibuka mshindi.

Usiku wa Machi 22, 1969, gari dogo aina ya Volkswagen alilokuwa akiendesha lilipinduka kaskazini mwa Addis Ababa. Alinaswa ndani ya gari hilo hadi alipookolewa asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia sehemu ya shingo. Miguu haikuwa na hisia, na mwanzoni hata mikono haikumtii.

Siku chache baadaye alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kwenye kituo cha majeraha ya uti wa mgongo alichokianzisha Dkt Guttmann mwaka 1944. Kabla ya wakati huo, wengi waliopata majeraha ya aina hiyo hawakuishi muda mrefu. Waliuawa na vidonda vya kulala kitandani na maambukizi ya kibofu na figo, huku madaktari wengi wakiwa wamekwisha kata tamaa. Dkt Guttmann alibadili mambo. Mgonjwa aligeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kibofu chake kilitunzwa kwa usafi mkubwa. Alipopata nafuu, hakuachwa alale akihurumiwa, bali alipewa kazi na michezo. Upinde na mshale ulipendwa kwa sababu huimarisha mikono, mabega na kiwiliwili, na humfundisha aliyepooza kuketi wima bila kuyumba.

Abebe alikaa huko kwa takriban miezi minane. Mtu aliyezoea kuhesabu kilomita sasa alihesabu hatua nyingine kabisa. Nguvu zilirejea mikononi polepole. Aliyekuwa hawezi kugeuka mwenyewe kitandani akaweza kuketi kwenye kiti na kukisukuma. Hata hivyo, miguu haikupona, na hakutembea tena maishani mwake. Uhuru alioupata ulikuwa na mipaka, lakini ndani ya mipaka hiyo ulikuwa wake kweli.

Ithibati ilionekana upesi. Mwaka 1970 alishiriki michezo ya Stoke Mandeville, akashindana katika upinde na mshale na tenisi ya mezani. Mwaka uliofuata alikwenda Norway kwenye michezo ya walemavu, na huko akashinda mbio za kilomita 25 za sleji inayovutwa na mbwa juu ya theluji. Mtoto wa nyanda za juu za Ethiopia alikuwa amepata njia nyingine ya kufika mbele ya wenzake.

Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia akiwa kitini. Mshindi wa marathoni, Mmarekani Frank Shorter, alipokwisha kuvishwa nishani alikwenda kumsalimu kwa mkono. Mapema Agosti mwaka huo, katika nchi hiyo hiyo ya Ujerumani Magharibi, Kenya ilikuwa imeshiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Heidelberg.

Abebe alifariki Oktoba 25, 1973 kwa kuvuja damu ubongoni, tatizo lililohusishwa na ajali ile. Alikuwa na umri wa miaka 41, na aliacha mjane na watoto wanne. Makumi ya maelfu ya watu, akiwemo mfalme mwenyewe, walihudhuria mazishi yake mjini Addis Ababa.

Ni kweli kwamba Abebe alikuwa na bahati ambayo wengi hawana. Dola nzima ilisimama nyuma yake, na alipelekwa kwenye kituo bora duniani katika muda wa siku chache. Hata hivyo, kilichomwinua huko hakikuwa muujiza. Kilikuwa ni kugeuzwa kitandani kwa wakati, kunyooshwa viungo kila siku, kiti kinachosukumika na watu waliokataa kumhesabu kuwa amekwisha. Mengi kati ya hayo yanaweza kufanywa hata katika nyumba ya kawaida ya Amalemba, iwapo familia itafundishwa namna ya kuyafanya na iwapo mlango na njia vitakipisha kiti. Pasipo hayo, hata bingwa wa Olimpiki mara mbili angebaki kitandani.