Richard Carrington: Shahidi wa Dhoruba ya Jua

Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo tulivyofunzwa na wahenga. Hata hivyo, ipo dhoruba isiyotanguliwa na wingu wala ngurumo, nayo chimbuko lake ni Jua lenyewe. Hivi leo warushao setilaiti huihofu kama nahodha aihofuvyo kusi. Mmoja wa watu wawili wa kwanza kulishuhudia na kulinakili chimbuko hilo ni Mwingereza Richard Christopher Carrington. Makala haya yanadhamiria kuyamulika maisha yake.

Carrington alizaliwa Chelsea, London, tarehe 26 Mei 1826. Babake alimiliki kiwanda cha bia huko Brentford, na matarajio yake yalikuwa mwanawe awe kasisi. Kijana akapelekwa Chuo cha Trinity, Cambridge, lakini huko moyo wake ukatekwa na elimu ya falaki. Mwaka 1849 aliajiriwa katika kituo cha falaki cha Chuo Kikuu cha Durham. Kwa kuwa vifaa vya hapo havikuitosheleza azma yake, alijiuzulu mwaka 1852, akajenga kituo chake binafsi huko Redhill, Surrey. Usiku aliorodhesha nyota. Mchana aliyachora madoa ya Jua. Orodha yake ya nyota 3,735 ilichapishwa mwaka 1857, na ikamtunukia medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Falaki mwaka 1859.

Lakini baniani mbaya, kiatu chake dawa. Utajiri wa bia ndio uliomjengea kituo, na bia hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumnyang'anya. Babake alipofariki mwaka 1858, mzigo wa kiwanda ulimwangukia, na saa za kulitazama Jua zikapungua.

Ni katika hali hiyo ambapo siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 1859, saa 5:18 asubuhi, alikuwa akichora kundi kubwa la madoa kutoka kwenye taswira ya Jua iliyotupwa na darubini. Ghafla zikachomoza alama mbili za mwanga mweupe mkali kupita kiasi. Alikimbia kumtafuta shahidi. Aliporejea, kabla ya dakika moja kwisha, mwanga ulikuwa umefifia mno. Baada ya dakika tano hivi ukatoweka. Kwa bahati njema, Richard Hodgson naye aliuona akiwa mahali pengine.

Saa 17 na ushei baadaye, dunia ilitikisika kisumaku. Nuru za ncha za dunia zilionekana hadi Cuba. Nyaya za telegrafu zilitoa cheche, na huko Marekani baadhi ya wahudumu walitenga betri zao wakapeleka ujumbe kwa umeme wa dhoruba pekee. Carrington aliwaonyesha wenzake mchoro wake, akataja pia kutikisika kwa sindano za sumaku za Kew, ila akakataa kutoa hukumu kwa tukio moja tu.

Ustahimilivu huo ulizaa matunda mengine. Alithibitisha kuwa Jua huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta yake kuliko karibu na ncha. Hadi leo wanasayansi huhesabu mizunguko ya Jua kwa utaratibu wake, kuanzia tarehe 9 Novemba 1853.

Hata hivyo, dunia haikumlipa sawasawa. Mwaka 1861 aliutaka ukurugenzi wa kituo cha Cambridge, nao akapewa John Couch Adams. Akakiuza kituo cha Redhill. Kitabu chake kuhusu madoa kilitoka mwaka 1863, na miaka miwili baadaye maradhi yalimlazimu kukiuza kiwanda na kuhamia Churt. Ndoa yake na Rosa, waliyoifunga mwaka 1869, iliishia msibani: tarehe 17 Novemba 1875 mkewe alikutwa amefariki kitandani, dawa ya usingizi ikiwa imezidi kipimo. Siku kumi baadaye Carrington naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 49.

Alichokiona kwa dakika tano sasa ni suala la mabilioni ya fedha. Dhoruba ya Jua hulipasha joto anga la juu, likavimba na kuvikokota vyombo hadi vikaanguka. Ukinzani wa hewa hiyo ulipimwa hapa kwetu na setilaiti ya Kiitaliano, San Marco 2, iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 26 Aprili 1967. Mnamo Februari 2022, setilaiti 38 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa karibuni zilipotea kwa sababu hiyo hiyo, tena katika dhoruba ndogo ikilinganishwa na ile ya 1859.

Kwetu sisi wanafunzi, Carrington ameacha funzo. Hakuwa na cheo cha chuo kikuu alipoliona tukio lile. Alikuwa na penseli, saa na mazoea ya kufanya kazi hiyo hiyo kila siku. Bahati ilipobisha, ilimkuta mezani.