Mtu Aliyesoma Historia ya Misitu Katika Tope

Mwanafunzi akiulizwa historia huhifadhiwa wapi, atajibu upesi kwamba huhifadhiwa vitabuni. Mwenye kufikiri zaidi ataongeza masimulizi ya wazee. Ni nadra kumpata atakayetaja tope la kinamasi. Kwa sababu hiyo napenda leo kuwasimulia walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wao, maisha ya Lennart von Post. Jina lake lafahamika kwa wataalamu wa mimea ya kale kote duniani, ilhali hapa Kedowa, ukingoni mwa misitu ya Mau, sijalisikia darasani.

Von Post alizaliwa Uswidi mwaka 1884. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Uppsala, kisha akaajiriwa na idara ya serikali ya uchunguzi wa ardhi. Kazi yake haikuwa ya fahari: kuchunguza vinamasi. Katika nchi za kaskazini, mimea hufa na kuzama majini pasipo kuoza sawasawa, ikarundikana tabaka juu ya tabaka hadi ikawa tope zito jeusi, ambalo watu hulikausha na kulichoma kama kuni. Von Post alilizoea tope hilo hata akabuni kipimo cha ngazi 10 cha kukadiria lilivyooza, kwa kulikamua kiganjani tu. Kipimo hicho kingali kinatumika hadi leo.

Ndani ya tope hilo mna chavua, ile vumbi ya maua. Kila chembe ya chavua ina ganda gumu ajabu, na pasipo hewa ganda hilo hudumu kwa maelfu ya miaka. Tena umbo lake hutofautiana: chembe ya nyasi ni mviringo wenye tundu moja, ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa. Kwa hadubini, mjuzi hutambua ilitoka katika mmea wa aina gani.

Von Post hakuwa wa kwanza kuiona. Gustaf Lagerheim, bingwa wa mimea mjini Stockholm, alikuwa ameihesabu kabla yake. Lililokuwa jipya ni utaratibu. Von Post alihesabu chavua katika kila tabaka kutoka chini hadi juu, akakokotoa fungu la kila mti katika mia, akachora mistari ya kupanda na kushuka, kisha akailinganisha michoro ya kinamasi kimoja na kingine. Michoro ilipoafikiana, ilidhihirika kwamba si ajali ya mahali pamoja, bali ni badiliko la nchi nzima. Aliyatangaza hayo mwaka 1916 mjini Kristiania, ambao sasa ni Oslo, mbele ya mkutano wa wanasayansi wa nchi za kaskazini.

Sifa hazikuenea upesi, kwani aliandika zaidi kwa Kiswidi. Mwanafunzi wake, Gunnar Erdtman, ndiye aliyeitoa elimu hiyo nje kwa tasnifu ya Kijerumani ya mwaka 1921. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna funzo hapa: lugha ndogo haizuii wazo kubwa kuzaliwa, ila lahitaji mtu wa kulivusha.

Mwaka 1929 von Post akawa profesa Stockholm. Alitamani kujua kama tabia ya nchi ilibadilika kwa pamoja kaskazini na kusini mwa dunia. Mwaka 1936 yeye na Lucy Cranwell wakachapisha michoro ya chavua ya Nyuzilandi. Alifariki mwaka 1951, wakati njia ya kupima umri wa matabaka kwa kaboni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mbegu aliyoipanda ilifika kwetu. Mwaka 1954 Mswidi mwingine, Olov Hedberg, alichapisha uchunguzi wa awali wa chavua za milima ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 van Zinderen Bakker alichunguza kinamasi cha Kaisungor huko Cherangani, na Coetzee akachunguza Sacred Lake katika Mlima Kenya. Walikuta kwamba zama za barafu zilipofikia kilele, yapata miaka 20,000 iliyopita, mimea ya vilele vya milima ilikuwa imeteremka kiasi cha mita 1,000. Baadaye, katika miaka ya 1990, wataalamu walionyesha kwamba si baridi na ukame pekee vilivyoidhoofisha misitu. Hewa ya kaboni ilikuwa imepungua hadi chini ya sehemu 200 katika milioni, hali iliyozifaa nyasi kuliko miti. Leo imepita sehemu 420.

Tusidai makuu kuliko yaliyomo. Mti unaopeperusha chavua kwa upepo huonekana mwingi kuliko ulivyokuwa, na unaotegemea nyuki huonekana haba. Hata majani chai yaliyofunika vilima vya Kericho tangu miaka ya 1920 huacha alama hafifu. Hata hivyo, hakuna shahidi mwingine wa misitu ya kabla ya maandishi aliye karibu nasi kama huyu.

Nami nasema shahidi huyu yumo hatarini. Kinamasi kikichimbwa mitaro ili kilimwe, au kikizungushiwa mikaratusi inyonye maji, hewa huingia na chavua huoza. Tunabishana kuhusu miti ya kurudishwa Mau, huku tukikausha daftari lililoandikwa miti iliyokuwako kabla ya chai na misonobari ya kupandwa. Zamani msitu ulipata maelfu ya miaka ya kupanda na kushuka mlimani. Leo joto laongezeka katika umri wa mtu mmoja, na msitu umezingirwa na mashamba kila upande.

Basi mwalimu wa biolojia na awapeleke wanafunzi kwenye kinamasi kilicho karibu, wakaone tope lake. Kisha warudi waitazame chavua ya ua lolote kwa hadubini ya shule. Na mzee mwenye kinamasi shambani mwake na ajue kwamba kukiacha na maji yake si uvivu. Anatunza kumbukumbu ambayo, ikishaoza, haiandikwi upya.