Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Maisha ya Mfalme Ramesses wa Pili

Leo nataka niwasimulie maisha ya Farao mmoja, Ramesses wa Pili wa Misri. Nimemchagua kwa sababu mambo yake hayakwishia kaburini. Naona hata hatari yake kubwa ilimfika akiwa maiti, tena akiwa ndani ya jumba zuri!

Ramesses alikuwa mwana wa mfalme Seti wa Kwanza. Alishika enzi mwaka 1279 K.K. akiwa bado kijana, akatawala miaka 66. Si mchezo! Mwaka 1274 K.K. alipigana na Wahiti huko Kadesh, katika Syria ya leo. Aliamuru achorwe kwenye kuta za mahekalu kama mshindi, lakini kwa kweli mji wenyewe hakuuteka. Baadaye, yapata mwaka 1259 K.K., pande hizo mbili zilifanya mapatano ya amani. Alijenga pia hekalu la Abu Simbel, lililochongwa mwambani. Mlangoni pana sanamu zake nne, kila moja ikiwa na urefu wa mita 20 hivi. Watoto wake walikuwa kama 100. Alifariki mwaka 1213 K.K. akiwa na miaka 90 hivi, na aliyemrithi ni Merneptah, mwanawe wa 13, kwani kaka zake walikuwa wamekwisha kumtangulia.

Maiti yake ilikaushwa kwa magadi, ikaviringishwa sanda za kitani, ikazikwa katika Bonde la Wafalme. Wezi nao hawakulala. Walipozidi kuvunja makaburi, makuhani waliihamisha, mwishowe wakaificha pamoja na za wafalme wengine katika shimo la mwambani huko Deir el-Bahari. Ilikaa humo karibu miaka 2,800 bila kuoza. Mlinzi wake alikuwa nani? Hewa tu, basi. Ndani ya mwamba mlikuwa na giza, mlikuwa pakavu, na joto halikupanda wala kushuka sana. Kuvu haioti pasipo unyevu.

Mwaka 1881 wakuu wa mambo ya kale waligundua maficho hayo, wakawapakia wafalme melini hadi Kairo. Mwaka 1886 sanda za Ramesses zilifunguliwa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Sasa hebu fikiria: jumba la makumbusho liko mjini, karibu na mto Naili. Watu wanaingia makundi kwa makundi, kila mmoja na pumzi yake na jasho lake. Mchana joto, usiku baridi. Ngozi kavu ikinywa unyevu hutanuka, ikikauka hunywea, na mchezo huo ukirudiwa kila siku mwisho wake ni kupasuka. Kuvu nayo ikapata makao. Mfalme aliyewatisha Wahiti akawa analiwa pole pole na vijidudu visivyoonekana kwa macho! Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1976 alipelekwa Paris, Ufaransa, kwa ndege, akapokewa kwa gwaride kama mfalme aliye hai. Wataalamu waliogopa kumtibu kwa moto au kwa dawa kali, wasije wakaharibu ngozi na nywele zake. Wakatumia miale ya gama, ikaua kuvu yote, naye akarudishwa kwao mwaka 1977.

Lakini ngoja kwanza. Miale iliua kuvu iliyokuwepo, haikuzuia nyingine kuja. Dawa ya kudumu ilikuwa kuitawala hewa yenyewe. Wataalamu wa taasisi ya Getty ya Marekani wakishirikiana na Wamisri walibuni sanduku la kioo lisilopitisha hewa. Oksijeni iliondolewa, mahali pake pakatiwa naitrojeni, na unyevu ukapimwa usizidi wala usipungue mno. Sisi wa kidato cha tatu tunajua kutoka somo la kemia kwamba naitrojeni ni gesi pole, haina haraka ya kuungana na vitu vingine. Vijidudu vinavyohitaji oksijeni haviwezi kustawi humo. Chumba chenye masanduku ya namna hiyo kilifunguliwa Kairo mwaka 1994. Na tarehe 3 Aprili 2021, wafalme 18 na malkia 4 walipohamishiwa jumba jipya la makumbusho huko Fustat, walisafirishwa kwa msafara wa fahari, kila mmoja katika sanduku lake la naitrojeni.

Ndugu zangu, Ramesses alidhani mawe makubwa ndiyo yatakayomhifadhi. Kumbe uhai wa jina lake na wa mwili wake ulitegemea kitu kisichoshikika, yaani hewa kavu ya pangoni, na sasa hewa iliyopimwa na watu wenye elimu. Kwa hiyo siku ukienda makumbusho ukakuta chumba kina mwanga hafifu, ukakatazwa kugusa na kusogea karibu, usinune. Pumzi yako ni kitu kidogo kwako, lakini yaweza kumaliza kilichowashinda wezi na karne nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mwili wa Ramesses ukishaharibika, hakuna fundi wa kuujenga tena.