Paul Tirard, mtawala wa nchi iliyoshindwa

Paul Tirard alizaliwa Ufaransa mwaka 1879. Akawa mtumishi wa serikali, akatumwa Moroko kufanya kazi chini ya Jemadari Lyautey. Vita vya 1914-1918 vilipokwisha, majeshi ya washindi yalikaa Ujerumani, kando ya mto Rhine. Tangu 1920 Tirard alikuwa mkuu wa baraza lililosimamia sehemu ile, mjini Koblenz.

Hakuwa askari, silaha yake ilikuwa amri iliyoandikwa. Mwaka 1923 Ufaransa ilidai deni la vita kwa nguvu, nao watumishi wa Kijerumani wakakataa kutii. Ndipo baraza likawafukuza kwa maelfu, pamoja na wake na watoto wao. Ubishi ukakoma, lakini mioyo haikupatana.

Mwaka 1930 majeshi yakaondoka, na kazi ya Tirard ikaisha. Mwaka 1940 Wajerumani wakaiteka Ufaransa yenyewe. Tirard akafa mwaka 1945, vita vya pili vilipokwisha.

Basi, wakatekumeni wapenzi, amri yaweza kumtoa adui nyumbani mwake. Kumfanya ndugu haiwezi. Hiyo ni kazi ya msamaha, ambao Bwana wetu alitufundisha msalabani.