Kirkman, mzee wa vigae

Ukifika Msikiti wa Kongo, Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini, zitazame kuta: matumbawe na chokaa, kama magofu ya Gede. Aliyetufunza kuyasoma magofu hayo ni James Kirkman, Mwingereza aliyezaliwa 1906.

Alianza kuchimba Gede 1948. Kaburi moja lilikuwa na tarehe, sawa na 1399. Kuta zingine kimya! Basi akafuata vigae vya sahani za Kichina. Sakafu haiwezi kuwa kongwe kuliko kigae kilichozikwa chini yake, si ndiyo? Ndiyo maana kigae ukikiona usikitie mfukoni, utaondoka na tarehe.

Baadaye alichimba Fort Jesus, Mombasa, iliyofunguliwa kuwa makumbusho. Alifariki 1989.