Mamo Wolde: Kutoka kijiti cha mita 400 hadi dhahabu ya marathoni

MWAKA 1956, Ethiopia ilipopeleka wanariadha wake kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Melbourne, Australia, askari mmoja kijana aliandikishwa katika mbio tatu: mita 800, mita 1,500 na kupokezana vijiti kwa mita 400 mara nne. Hakuvuka raundi ya kwanza katika hata moja. Miaka 12 baadaye askari huyo huyo, Mamo Wolde, alivishwa medali ya dhahabu ya marathoni.

Wapenzi wa riadha hawachoki kubishana iwapo mtu wa mbio za kasi anaweza kuziweza kilometa 42 na ushei. Wanaosema anaweza humtaja Mamo. Ni kweli kwamba wachache wamewahi kusafiri mbali kiasi hicho, kutoka mzunguko mmoja wa uwanja hadi marathoni, na kufika kileleni. Lakini tukiyafuatilia maisha yake kwa utulivu tutaona kwamba yanathibitisha jambo jingine.

Alizaliwa Juni 12, 1932 katika familia ya Waoromo, kusini mwa Addis Ababa. Mwaka 1951 alihamia mji mkuu na kuingia katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, kisha akatumikia jeshi huko Korea. Kikosi hicho ndicho kilichomlea pia Abebe Bikila, aliyekimbia pekupeku na kushinda marathoni ya Roma mwaka 1960. Wote wawili walipitia mikononi mwa kocha Mswidi, Onni Niskanen.

Katika michezo hiyo ya Roma Mamo hakuwamo. Aliporejea Olimpiki, mjini Tokyo mwaka 1964, hakuwa tena mtu wa mita 800. Alishika nafasi ya nne katika mita 10,000, ila marathoni ilimshinda akaiacha njiani, huku Bikila akinyakua dhahabu yake ya pili. Katika miaka hiyo alishinda zaidi ya mara moja mbio za nyika za San Sebastián, nchini Hispania. Mbio za nyika, zenye tope na vilima, si mahali pa mtu anayetegemea kasi ya sekunde kumi.

Misuli ya binadamu ina nyuzi za aina mbalimbali. Zipo zinazojikunja upesi na kwa nguvu kubwa, lakini huchoka haraka. Hizo ndizo mtaji wa mkimbiaji wa mita 100, mruka chini na mrusha tufe. Zipo nyingine zinazokwenda polepole, zikitumia oksijeni, na zinaweza kufanya kazi kwa saa nyingi. Mazoezi hubadili mengi, lakini hayamgeuzi mwenye wingi wa nyuzi za kwanza kuwa bingwa wa masafa marefu. Tena ana mwili mzito, na mzigo huo lazima aubebe hatua kwa hatua huku joto likimpanda. Akijiandaa anaweza kuimaliza marathoni; kuikimbia na mabingwa ni habari nyingine. Alberto Juantorena wa Cuba alishinda mita 400 na mita 800 kwa pamoja mjini Montreal mwaka 1976, na hilo lilihesabiwa kuwa ajabu. Hapo tayari ni mpakani.

Mexico City mwaka 1968 mpaka huo ulionekana wazi. Mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi iliwabeba wenye kasi: Jim Hines wa Marekani alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, rekodi ya dunia. Wa masafa marefu hewa hiyo iliwakaba koo, isipokuwa waliozaliwa nyanda za juu. Katika mita 10,000 Mamo aliongoza mzunguko wa mwisho, lakini Naftali Temu wa Kenya akampita karibu na utepe kwa tofauti ya sekunde 0.6, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Mtu aliyewahi kukimbia mita 400 alishindwa kwa kasi ya mita za mwisho!

Wiki moja baadaye, Oktoba 20, ilikuwa zamu ya marathoni. Bikila, mguu ukimuuma, alijitoa baada ya kilometa 17 hivi. Temu naye alikuwa mbele kwa muda, kisha akafifia hadi nafasi ya 19. Mamo, akiwa na umri wa miaka 36, alimaliza peke yake kwa saa 2:20:26, zaidi ya dakika tatu mbele ya Kenji Kimihara wa Japani. Zaidi ya saa moja baada yake, giza likiwa limeingia, Mtanzania John Stephen Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza.

Munich mwaka 1972, akiwa na miaka 40, Mamo alipata medali ya shaba kwa saa 2:15:08, upesi kuliko muda uliompa dhahabu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo jibu lilipo: Mamo hakuwa mtu wa kasi aliyejifunza masafa, bali mtu wa masafa aliyepangwa vibaya Melbourne, na ilichukua miaka kadhaa kuligundua hilo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa michungu. Baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka 1991, alishitakiwa kwa kuhusika katika mauaji ya kijana mmoja wakati wa Ugaidi Mwekundu. Alikana. Alikaa mahabusu takriban miaka tisa kabla ya mahakama kumtia hatiani Januari 2002 na kumhukumu kifungo cha miaka sita, ambayo tayari alikuwa ameitumikia na kuzidi. Aliachiwa, akafariki dunia Mei 26 mwaka huo huo.